Hesabu za Ngumi

Hapa Nyakanazi vijana hubishana hivi: "Huyu alimpiga yule, na yule alimpiga mwingine, basi huyu ndiye mkuu wa wote." Hesabu hiyo yafaa ubaoni, lakini ulingoni yapotosha.

Mwaka 1971 Joe Frazier alimshinda Muhammad Ali. Mwaka 1973 Ken Norton naye akamshinda, akamvunja taya. Kisha George Foreman akawapiga wote wawili, kila mmoja katika raundi ya 2. Frazier aliangushwa mara 6. Foreman alikuwa amepigana mara 40 pasipo kushindwa. Kwa hiyo watu wengi walimwombolezea Ali kabla ya siku yake.

Tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, Ali aliegemea kamba, akajikinga, akamwacha Foreman apige hata mikono ikalegea. Katika raundi ya 8 akamwangusha. Kweli, mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Wenye hesabu walikosa wapi? Walihesabu ushindi, wasitazame namna ya kupigana. Frazier aliingia mbele, akajipeleka penyewe penye ngumi za Foreman. Ali alijua kuvumilia na kungoja. Tena walisahau ya kuwa Ali alikwisha kurudiana na Frazier na Norton, akawashinda.

Nasi walimu hukosa vivyo hivyo, tukimkatia tamaa mtoto kwa kuwa wale waliomshinda wameshindwa na mwingine. Mtu hupimwa kwa mapigano yake mwenyewe.