Mafuta Gani, Bomba Lipi? Uhakiki wa Istilahi za Vichwa Vidogo vya Mvuke

Miongoni mwa kazi zilizotufikia katika robo hii ya mwaka mna mswada wa tafsiri ya mwongozo mmoja wa Kiingereza. Mwongozo huo wawahusu watu wanaomiliki vichwa vidogo vya treni vinavyokwenda kwa mvuke: namna ya kuvitunza, kuvibadili, na kutafuta hitilafu pindi vinapogoma. Mfasiri amekusudia kitabu kitumiwe katika shule za ufundi, kwa hoja kwamba hakuna chombo kinachomwonyesha mwanafunzi kazi ya moto, maji na chuma kwa uwazi zaidi kuliko hicho. Hoja hiyo twaikubali. Tumeusoma mswada wote, na kwa kuwa kasoro zake si za mtu mmoja bali ni za wengi wetu tunaotafsiri maandishi ya ufundi, tumeona yafaa kuzijadili hapa. Jina la mfasiri hatulitaji, na juhudi yake twaiheshimu.

Huenda msomaji akauliza: ya nini kushughulika na burudani ya Waingereza? Ni kweli kwamba kazi hii imeota mizizi huko. Jarida lao la Model Engineer lilianzishwa na Percival Marshall mwaka 1898, na bado kuna watu wanaotumia miaka mingi ya maisha yao kukichonga kichwa kimoja cha kuwekwa juu ya meza. Lakini boila ni boila, liwe la lita moja au la lita elfu kadhaa. Istilahi za kichwa kidogo ndizo zile zile za vichwa vikubwa vilivyovuta mizigo yetu kutoka pwani hadi bara. Vichwa 34 vya Garratt vya daraja la 59, vilivyoundwa na kampuni ya Beyer Peacock mjini Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, vilikuwa na urefu wa karibu meta 32 na uzito wa tani 250 hivi kila kimoja, na vilipewa majina ya milima. Kimojawapo, Mount Gelai, kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Waliovitia maji na oili walikuwa watu wetu, nao walikuwa na maneno ya kazi yao. Kwa hiyo suala hili si geni kwetu kama linavyoonekana.

Tuanze na jina la chombo chenyewe. Mfasiri amekiita “garimoshi la mfano”. Neno hili lina matatizo mawili. Kwanza, garimoshi kwa wasemaji wengi ni treni nzima, pamoja na mabehewa yake; sehemu inayovuta huitwa kichwa cha treni, na jina hilo limekwisha kuenea katika magazeti na redio. Pili, “wa mfano” katika Kiswahili cha leo ni sifa: shule ya mfano, kijiji cha mfano, mwanafunzi wa mfano. Mwalimu akiona “garimoshi la mfano” atadhani ni garimoshi lenye mwenendo mwema unaostahili kuigwa. Zaidi ya hayo, chombo hiki si mfano wa injini ya mvuke. Ni injini ya mvuke, ila ni ndogo. Jambo hili liliwahi kubishaniwa Uingereza katika miaka ya 1920, wengine wakishikilia kwamba boila dogo haliwezi kuchomwa kwa makaa kama kubwa. Mwandishi aliyejiita LBSC aliwajibu kwa vitendo: kichwa chake kidogo kiitwacho Ayesha kilichoma makaa na kumvuta mtu mzima. Kitu kinachomvuta mtu mzima hatuna haki ya kukiita mfano. Twapendekeza “kichwa kidogo cha mvuke”, basi. Nayo “mvuke hai”, ambayo mfasiri ameitoa neno kwa neno katika Kiingereza, iachwe kabisa, kwa kuwa kwetu kilicho hai kina roho.

Sasa tuingie katika makosa yenyewe. Tumeyagawa katika mafungu mawili: yanayochekesha na yasiyochekesha.

Fungu la kwanza laonekana hasa katika sura ya kutafuta hitilafu. Mwongozo waeleza kwamba mvuke ukivuja pale ambapo fito la pistoni linatokea katika silinda, nati inayobana pakingi yapasa kukazwa kidogo. Mswada wasema: “Kaza tezi ya pistoni.” Mfasiri amefungua kamusi, akakuta neno ambalo katika uganga ni tezi na katika uhandisi ni kitu kingine, akachukua maana ya kwanza. Kadhalika, boila likijazwa maji kupita kiasi, maji hupanda pamoja na mvuke, yakaingia katika silinda na kutemwa nje kwa dohani. Mswada wasema: “Boila likipakwa rangi ya kwanza, punguza maji.” Hapo neno la Kiingereza ni la mafundi wa boila na la wapaka rangi pia. Tena, tabaka la chumvi linaloganda ndani ya boila kwa kutumia maji magumu limeitwa “magamba”, kana kwamba boila ni samaki.

Makosa haya yanachekesha, na kwa sababu hiyo hayana madhara makubwa. Mwanafunzi akiambiwa akaze tezi atasita, atacheka, kisha atamwuliza mwalimu. Upuuzi wa sentensi humlinda msomaji. Wala maneno yaliyotakiwa hayakuwa mbali. Chungu kikijaa mno juu ya moto twasema kinafoka. Boila nalo lifoke. Kinachoganda chunguni twakiita ukoko; na kiitwe ukoko wa boila. Haya ni maneno ya jikoni, na boila ni nini kama si chungu kilichofungwa?

Fungu la pili ndilo linalotutia wasiwasi, maana sentensi zake ni nzuri, zasomeka vema, na hakuna mtu atakayecheka.

Mfano mkuu ni “mafuta”. Katika kichwa kidogo mna vitu viwili ambavyo mswada wote unaviita kwa neno hilo. Kimoja ni kile kinachochomwa: spiriti au gesi ya butani. Cha pili ni kile kizito cha kulainishia silinda, ambacho huwekwa katika kikombe kidogo kando ya njia ya mvuke. Mvuke huingia kikombeni, hupoa na kuwa maji. Maji huzama chini kwa kuwa ni mazito kuliko oili, na oili husukumwa juu na kuchukuliwa hadi kwenye silinda. Kila safari inapokwisha, sharti maji yatolewe kikombeni na oili ijazwe upya. Mswada wasema: “Baada ya kila safari, toa maji, jaza mafuta.” Mwanafunzi mtiifu atamwaga maji ya boila na kujaza spiriti katika tangi lake, huku chombo kingali cha moto.

Mahali pengine mwongozo watoa kanuni muhimu kuliko zote: kiasi cha cha kuchoma kipimwe ili kiishe kabla ya maji ya boila, moto usije ukaendelea kuwaka chini ya boila kavu. Mswada wasema: “Hakikisha mafuta yanakwisha kabla ya maji.” Sentensi haina kosa la sarufi hata moja. Lakini atakayeelewa mafuta kuwa ni oili atakausha silinda makusudi, huku kanuni ya kulinda boila ikimpita bila kuiona.

Jambo la kusikitisha ni kwamba tatizo hili lilikwisha tatuliwa. Ingia katika gereji yoyote, Tanga au Kisumu. Fundi akisema gari limeishiwa mafuta, hakuna anayeleta oili; akisema oili, hakuna anayeleta petroli. Ni sisi wasomi tulioona neno “oili” halina heshima, tukarudi kwenye “mafuta” kwa kila kitu. Twapendekeza oili kwa cha kulainisha, na kwa cha kuchoma litajwe jina lake kila mara: spiriti, gesi, makaa.

Neno la pili ni “bomba”. Katika ukurasa mmoja wa mswada bomba hupeleka maji kwenye boila kwa njia ya bomba, na moshi hutokea kwa bomba. Kisha mwanafunzi aambiwa: “Bomba likivuja, libadilishe.” Lipi? Hapa pia lugha inayo akiba ya kutosha: pampu isukume, bomba lipitishe, dohani itoe moshi. Dohani ni neno la kale la pwani, nalo lilitumika kwa meli za moshi. Twashangaa kwa nini limesahauliwa.

La tatu ni “lehemu”. Lehemu ya bati na risasi huyeyuka kuanzia kama digrii 183 za Selsiasi. Lehemu ya fedha yataka zaidi ya digrii 600. Mvuke wa boila dogo lenye shinikizo la baa 4 una joto la digrii 150 hivi. Kwa hiyo kiungo cha lehemu ya bati chaweza kustahimili maadam maji yangali ndani. Maji yakikauka, joto hupanda na kiungo huachia. Mwongozo umezitenganisha lehemu hizi kwa uangalifu mkubwa, hasa katika sura ya kubadili chombo, ambako mmiliki hushawishika kuongeza moto au shinikizo. Mswada umeandika “lehemu” tu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kufupisha namna hiyo kunaondoa onyo.

La nne ni jaribio la boila. Boila jipya hujaribiwa kwa kujazwa maji baridi pomoni na kusukumwa kwa pampu, kwa kawaida hadi mara mbili ya shinikizo la kazi. Hutumiwa maji kwa sababu hayabanwi kwa urahisi: boila likipasuka, maji hutiririka tu, lakini mvuke uliobanwa hulipuka. Mfasiri ameandika “jaribio la haidroliki kwa shinikizo maradufu”. Neno si kosa. Hata hivyo, mwanafunzi asiyejua haidroliki ni nini atashika sehemu anayoielewa, yaani “shinikizo maradufu”, na kuwasha moto. “Jaribio la maji baridi” ni istilahi nyepesi isiyo na fahari, lakini imebeba usalama wake ndani ya jina lake. Katika kazi za hatari, twaona istilahi inayojieleza ipewe nafasi mbele ya ile inayopendeza kitaalamu.

Kuhusu “kipimo”, mswada umelitumia kwa upana wa reli, kwa kioo kinachoonyesha maji yaliyomo, na kwa saa ya kuonyesha shinikizo. Lawama hapa si ya mfasiri peke yake. Sisi sote twasema “reli ya kiwango cha kimataifa”, jina lisilomweleza mtu kwamba tofauti yake na reli ya zamani ni upana: milimeta 1,435 badala ya 1,000. Katika vichwa vidogo upana ndio msingi wa kila hesabu, kwani reli ya milimeta 45 ikiwakilisha reli yetu ya meta moja, skeli huwa 1 kwa 22.2 hivi, na Garratt ile ya meta 32 hupungua ikawa meta 1.4.

Mwisho, mswada wasema kanieneo katika sura ya kwanza, shinikizo katika ya pili, na presha katika ya tatu. Kanieneo lina faida katika somo la fizikia, maana laeleza kani juu ya eneo. Kwa mwongozo wa kazi twachagua shinikizo, ambalo watu wamekwisha lizoea hospitalini. Muhimu zaidi ni kwamba neno likichaguliwa lishikwe hadi ukurasa wa mwisho.

Kwa muhtasari, mapendekezo yetu ni haya:

1. Kichwa kidogo cha mvuke, badala ya garimoshi la mfano.
2. Oili kwa kulainisha. Spiriti, gesi au makaa kwa kuchoma. “Mafuta” pekee yasitumike.
3. Pampu, bomba na dohani, kila neno kwa kazi yake.
4. Lehemu ya bati. Lehemu ya fedha. “Lehemu” pekee isitumike.
5. Jaribio la maji baridi, badala ya jaribio la haidroliki.
6. Upana wa reli; kioo cha maji; geji ya shinikizo.
7. Kufoka kwa boila. Ukoko wa boila. Nati ya pakingi.

Msomaji ataona kwamba karibu yote haya yalikuwapo tayari, jikoni, pwani au gereji. Wazee wetu walipoletewa reli hawakukaa mkutano. Behewa walilichukua katika nyumba zao, na mataruma katika vyombo vyao vya bahari, na hadi leo hatujapata maneno bora kuliko hayo. Lakini hatuna hakika ni mangapi mengine waliyokuwa nayo kwa sehemu za boila, tanuri na silinda. Tangu mwaka 2024 treni za umeme zinakimbia kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na waliowahi kufanya kazi kwenye vichwa vya mvuke wanazidi kupungua. Twawaomba walimu na watumishi wenzetu walio karibu na wastaafu wa reli wakae nao, waandike maneno yao pamoja na maelezo ya kila kifaa, na kuyaleta kwetu. Mswada tumemrudishia mfasiri, na tumemshauri kwamba kabla ya kufungua tena kamusi amtafute mzee mmoja wa aina hiyo.