Usiku Wangu wa Kwanza Ndani ya Mustang

Sioni mbele! Ndivyo nilivyopiga kelele usiku wa manane, miwani ya VR usoni, jostiki katikati ya mapaja. Nimekaa ndani ya ndege ya kivita P-51D Mustang, katika mchezo wa kompyuta wa DCS World, injini inanguruma, na mbele yangu hakuna kitu ila pua ya ndege. Njia ya kurukia imemezwa yote. Miaka yote niliyorusha ndege hii kwenye skrini ya kawaida, nilikuwa nabonyeza kitufe, macho yanapanda juu kidogo, najiendea zangu. Safari hii macho yalikaa pale pale kilipo kichwa changu. Ikabidi nifanye walivyofanya marubani wa 1944: kwenda kwa kujipinda kama nyoka, kushoto, kulia, nikichungulia ubavuni mwa pua hadi nikafika mwanzo wa lami. Nikaongeza moto, mkia ukainuka, pua ikashuka, na dunia nzima ikafunguka mbele yangu. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Miwani yenyewe ni Meta Quest 3, tena ya kuazima. Lakini nataka kuzungumzia kile kioo kidogo kilichosimama juu ya dashibodi, kwa sababu huko ndiko nilikochanganyikiwa kabisa.

Kwenye skrini, kioo cha kulengea ni mchoro tu: duara la njano limebandikwa, unaliweka juu ya adui, unafyatua. Ndani ya miwani niligundua kwamba duara halipo kwenye kioo. Liko huko nje, mbali, juu ya mawingu! Nikasogeza kichwa kushoto kidogo, duara likabaki juu ya wingu lile lile, ila ukingo wa kioo ukaanza kulikata. Nikasogea tena, likatoweka. Nikarudi, likarudi. Nilicheza mchezo huo dakika kumi nzima, ndege ikijirukia yenyewe juu ya Caucasus, bila kumtafuta adui yeyote. Na ndivyo kifaa halisi kinavyofanya kazi: lenzi inainyoosha miali ya taa hadi jicho linadhani alama iko mbali kama upeo wa macho, kwa hiyo rubani hahangaiki kutazama karibu na mbali kwa wakati mmoja. Howard Grubb wa Dublin alilibuni wazo hilo mwaka 1900, kabla binadamu hajarusha ndege yenye injini.

Mustang ina zaidi ya hapo. Kioo chake ni K-14, chenye jairoskopu ndani. Unageuza kipimo hadi upana wa mabawa ya adui, kama futi 32 kwa Messerschmitt 109 au 34 kwa Focke-Wulf 190. Kisha unazungusha mpini wa wenzo wa mafuta kwa mkono wa kushoto, na duara la almasi sita linapanuka au kusinyaa hadi ncha za mabawa ya adui ziliguse. Hapo kifaa kinajua umbali. Jairoskopu nayo inahisi unavyopinda, na kukukadiria ni wapi pa kulenga ili risasi zikutane na ndege inayokimbia. Ukipinda kwa pupa, almasi zinaburuzwa huku zikiyumba kama mlevi. Ukitulia, ukamfuata adui taratibu kwa sekunde moja hivi, zinamkalia kifuani. Kwenye skrini sikuwahi kuipata sekunde hiyo. Humu niliipata katika pambano la tatu. Rashasha sita zikanguruma, na bawa la kulia la mwenzangu likaachana naye.

“Wewe mwanangu, una nini shingoni?” Mama amesimama mlangoni na kikombe cha maji. Nilikuwa nimejikunja kama kamba, namtafuta wa pili nyuma ya mkia. Nikamwambia kuna Mjerumani. Akaniambia nikalale.

Mustang ya D inasifiwa kwa paa lake la kioo lililovimba kama povu, na kweli unaona pande zote, mradi shingo yako igeuke. Yangu haigeuki. Ndipo nilipoamini kuwa rubani alikuwa mtu mwenye mwili, urefu na mgongo wake, na kila anachokiona kinategemea hayo. Roald Dahl, yule mwandishi, alikuwa mfanyakazi wa Shell Dar es Salaam vita vilipoanza 1939; akaenda Nairobi kujifunza urubani kwenye Tiger Moth. Alikuwa na urefu wa karibu mita mbili, kichwa kikachomoza juu ya kioo cha mbele, upepo ukamnyima pumzi. Hakuna kitufe cha kurekebisha hilo.

Nikahamia Messerschmitt Bf 109 K-4, niliyoinunua wakati wa punguzo. Lo! Kutoka sebuleni kuingia kabatini. Vyuma vya fremu kila upande, na kioo cha kulengea kimewekwa kulia kidogo, kwa ajili ya jicho la kulia. Zamani nilidhani ni kosa la mchoraji.

Mkongwe wa IL-2 Sturmovik ya 2001 atanisamehe nikigusa kidonda chake. Katika mchezo ule, ukingo wa chini wa kioo cha mbele cha Focke-Wulf ulikula sehemu ya alama ya kulengea, na watu waligombana kwa miaka. Vipimo vya chuma si hoja. Kilichosahaulika ni kioo chenyewe. Kina unene wa milimita 50 na kimelala sana. Mwanga ukikipiga kwa pembe ya digrii 60 au zaidi, picha inahama kwa zaidi ya sentimita mbili, kwa hiyo rubani aliona ukingo mwembamba kuliko ulivyo. Focke-Wulf ya DCS sijainunua. Nikiipata, nitauangalia ukingo huo kabla sijawasha injini.

Sasa kasoro, maana zipo. Quest 3 inatoa kama pikseli 25 kwa kila digrii, ilhali jicho zima linaweza kutenganisha kama 60. Ndege yenye mabawa ya mita kumi na nusu, ikiwa kilomita tatu mbele, inakuwa pikseli tano. Tano! Penye wingu, hizo ni vumbi tu. Geji ndogo nilizisoma kwa kuinama kama mzee anayesoma gazeti bila miwani, na uso ulitoka jasho hadi sponji ya miwani ikalowa.

Sirudi kwenye skrini. Miwani inarudi kwa mwenyewe Jumatatu, nami nimeshaanza kuweka akiba. Kwa asiye na miwani, programu ya OpenTrack ni ya bure na inaweza kufuata kichwa chako kwa kamera ya kompyuta; DCS World nayo inapakuliwa bure, pamoja na TF-51D, ndugu wa Mustang asiye na bunduki. Anza na hiyo, na usiguse kile kitufe cha kuinua macho.