Formalini kwenye chupa ya maji

Mliokuwa pale mliona. Zoezi lilikwenda vizuri mpaka vikopo vya sampuli vilipoisha, na kiongozi wa zoezi akasema, "Leteni chupa ya maji, tusipoteze muda." Muuguzi akamwaga maji yaliyobaki, akamimina formalini, akatumbukiza kipande cha nyama cha kufanyia mazoezi, akakaza kizibo na kuiweka chupa mezani. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Sijaona uamuzi mbovu kuliko ule katika mazoezi ya usalama wa kemikali ya hospitali zetu za mlimani, na kwa kuwa tangu siku ile nasikia ukisifiwa kuwa ni ubunifu, nitausema kwa kirefu.

Hospitali yenyewe sitaitaja. Wenyewe wanajijua, na tabia hii si yao peke yao.

Mengine yalifanyika sawasawa. Madirisha yalifunguliwa kabla ya dumu, formalini iliyomwagika ilizungushiwa mchanga badala ya kusukumwa kwa deki hadi mferejini, na yule aliyeigiza kurukiwa machoni aliachwa kwenye maji yanayotiririka dakika 15 kamili bila mtu kumharakisha. Hongera zao.

Sasa chupa. Formalini ya kuhifadhia kinyama ni ile ya asilimia 10: sehemu moja ya formalini nzito kwa sehemu tisa za maji, ambayo ndani yake ina formaldehaidi ya asilimia 4 hivi. Haina rangi. Ukiitia kwenye chupa ya plastiki angavu na kuisimamisha mezani, jicho haliwezi kuitofautisha na maji. Harufu yake kali hukuonya baada ya kizibo kufunguka, na mtu mwenye kiu hanusi kwanza. Chupa ile ilibaki na karatasi yake ya kiwandani, yenye picha ya mlima wetu na theluji yake, na iliwekwa karibu kabisa na chupa mbili za maji ya wageni. Zilikuwa za ukubwa mmoja, vizibo vya rangi moja. Niliinuka nikaisogeza mbali, na wapo walionitazama kama mharibifu wa shughuli.

Mnaoona kuwa natia chumvi, kumbukeni Ulyanovsk, Urusi, mwaka 2018. Mwanamke kijana aliyekuwa akifanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye ovari alipewa formalini mahali pa maji ya chumvi, akafariki wiki chache baadaye. Ilielezwa kuwa wahudumu hawakusoma lebo. Kule chombo kilikuwa na lebo na bado mtu alikufa. Sisi tumeamua kufundisha watu kuweka formalini kwenye chombo chenye lebo inayosema ni maji ya kunywa.

Halafu ifuateni chupa hiyo barabarani. Sampuli za mlimani huteremka Moshi mjini, na hospitali ya KCMC imekuwa tegemeo la kanda hii tangu ilipofunguliwa mwaka 1971. Kutoka Rombo, Marangu, Kibosho au Machame, kinyama husafiri kwa Hiace, kwa Noah, kwa bodaboda, mara nyingi mkononi mwa ndugu wa mgonjwa. Chupa ya maji hukaa kwenye kikapu pamoja na ndizi na maziwa. Ndani ya gari kuna joto, kuna watoto, na abiria wa kwetu hunyimana maji? Dereva atasema, "Mama, nisaidie maji kidogo," na mama aliyepewa chupa bila maelezo hana sababu ya kukataa.

Hata kama hakuna atakayeinywa, chupa ile inaharibu kazi yenyewe. Shingo yake ni nyembamba. Kipande kikiwa kibichi hulainika na kupita kwa kusukumwa, na kule kusukumwa tu kunabana kingo ambazo daktari wa upasuaji anataka zisomwe ili ajue kama uvimbe umetoka wote. Kikishaingia, formalini inakikaza. Ferdinand Blum aliligundua hilo kule Frankfurt mwaka 1893 kwenye ngozi ya vidole vyake mwenyewe: alikuwa akiichunguza formalini kama dawa ya kuua vijidudu, akaona vidole vimekuwa vigumu. Kipande kilichoingia laini hakitoki tena. Mtaalamu wa maabara inabidi aikate chupa kwa kisu huku imejaa formalini, na hapo ndipo macho hurukiwa. Tuliwapigia makofi watu waliosafisha jicho kwa dakika 15, na meza hiyohiyo ikatengeneza jeraha la jicho linalofuata.

Bado kuna kipimo. Formalini inatakiwa iwe walau mara kumi ya ujazo wa kinyama. Sampuli ya titi, ikiwa itapimwa vipokezi vya homoni, inatakiwa ikae humo kati ya saa 6 na 72. Nani aliandika saa kwenye ile chupa? Hakuna. Mgonjwa atarudishiwa jibu lisilosomeka, au ataitwa tena kukatwa, na nauli ya kutoka Tarakea atailipa yeye.

Wanaomtetea kiongozi wanasema lilikuwa zoezi tu. Hoja hiyo siipokei. Mtu akikutwa na dharura usiku, mkono wake hufanya ulichozoea, na mazoezi ndiyo mahali pa kuuzoeza. Wengine wanasema vikopo vilikuwa vimeisha. Basi kiongozi alipaswa kusimama na kutangaza, "Vikopo vimeisha, zoezi linasimama." Angetufundisha jambo kubwa kuliko yote ya siku ile: kwamba kukosa chombo sahihi ni sababu halali ya kusimamisha kazi. Nimekaa na maofisa ugavi wa kutosha kujua wanavyoviona vikopo vya mdomo mpana. Huviita gharama, wakavikata kwenye bajeti, kisha huyohuyo aliyevikata husimama kwenye hafla kusifu ubunifu wa watumishi.

Kuna walioachwa nje ya zoezi kama kawaida yetu: akina mama wa usafi. Wameajiriwa na mkandarasi, kwa hiyo inaonekana hawahusiki. Zoezi lilipokwisha, mmoja wao alipita akikusanya chupa tupu kwenye mfuko. Nilipomuuliza anazipeleka wapi alinijibu kwa upole, "Nyumbani, mwanangu. Zinafaa kwa maziwa." Kila mtu anayeishi Uchagani anajua chupa hizi haziishi kazi, zinabeba maziwa, mafuta ya kula, asali. Huyu mama ndiye aliyepaswa kukaa mstari wa mbele siku ile.

Na kwa kuwa nimeanza, niseme tena ninayoyasema kila mwaka. Barakoa ya upasuaji haizuii mvuke wa formalini. Inazuia matone, basi. Feni ya dari haiondoi mvuke, inauzungusha tu hadi puani kwa kila aliyemo; unahitaji hewa inayovutwa kwenda nje. Jik si dawa ya kila kinachomwagika: ni ya damu na majimaji ya mwili, sehemu moja kwa sita za maji kupata asilimia 0.5, na haimwagwi juu ya formalini wala haichanganywi na asidi ya kusafishia vyoo. Na nyie wa hospitali za juu, formalini nzito ikigeuka nyeupe kama uji mwezi Julai, ni baridi imeigandisha. Msiizimue na kuitumia, kwa sababu nguvu mnayodhani inayo haipo tena.

Sheria haina utata. Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani, Na. 3 ya 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, inataka kemikali iwe na lebo. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya usalama na afya mahali pa kazi, Na. 5. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka formaldehaidi kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Haya yote yamekuwepo zaidi ya miaka 20.

Moshi hatuwezi kusema hatujui kufungasha. Kilisun, mafuta ya kuwakinga watu wenye ualbino na jua, yametengenezwa hapahapa KCMC. Na wazee wa maabara waliotufundisha hawakuwa hata na vikopo vya plastiki. Walifanya kazi na mitungi ya vioo iliyokwisha tumika, wakaichemsha, wakaandika kwa rangi ya mafuta kwenye ubavu wa mtungi, kamwe si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Mzee wangu mmoja alikuwa haruhusu dumu liinuliwe kabla lebo haijakauka. Alikuwa na umaskini mkubwa kuliko wa kiongozi wa zoezi letu, na hakuwahi kugusa chupa ya kinywaji.

Chombo sahihi ni kikopo cha mdomo mpana, kifuniko cha kukaza, kimejazwa formalini mapema na mtu wa maabara. Ubavuni kiandikwe jina la kemikali, nguvu yake, tarehe na saa, alama ya hatari, na maneno makubwa ya Kiswahili: SUMU, USINYWE. Kitiwe kwenye mfuko wenye pamba ya kunyonya, na anayekibeba aambiwe kwa mdomo kilichomo.

Kwa wanaoandaa zoezi la tarehe 28 Aprili ijayo, Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi: nunueni vikopo kwanza, fulana baadaye. Na kama kwenye wodi yako leo kuna formalini ndani ya chupa ya maji, iondoe kabla hujamaliza zamu.