Mchana Juu, Usiku Chini: Ufundi wa Magritte

Tafuta nakala ya L'Empire des lumières, picha ya Mbelgiji René Magritte, kisha funika nusu ya juu kwa kiganja. Utaona nyumba usiku: madirisha ya ghorofani yanawaka, taa ya barabarani imesimama mbele, mwanga wake umelala juu ya maji. Hamisha kiganja, ufunike nusu ya chini. Ni anga la mchana, la samawati, lenye mawingu meupe. Hakuna ajabu hata moja. Ondoa mkono, ndipo moyo unaposhtuka.

Magritte alianza kulichora wazo hili mwaka 1949 na kulirudia mara nyingi. Ninayoizungumzia ni ya 1954, iliyoko Brussels: rangi ya mafuta, sentimita 146 kwa 114.

Kazi kubwa imefanyika pale mchana unapokutana na usiku. Mchoraji hakuuacha mpaka huo wazi. Ameuficha nyuma ya miti. Miti ni myeusi tii, na jicho halilalamiki, maana kila siku jua likitua tunaona miti imekuwa myeusi hivyo hivyo huku anga bado lina nuru. Akili inapokuja kupinga, jicho limeshakubali. Kisha tazama paa na kuta: anga lote lile halizimuliki. Kinachoonekana chini kinaonekana kwa hisani ya taa, na kadiri ukuta unavyokuwa mbali nayo ndivyo unavyozidi kumezwa na giza. Angeliruhusu anga limulike paa kidogo tu, ndoto yote ingeharibika.

Mchoraji Salvador Dalí, katika picha yake ya mwaka 1931, alizilegeza saa mpaka zikaning'inia. Magritte hakulegeza kitu. Aliwahi kuishi kwa kuchora matangazo na karatasi za ukutani, na mkono wake ni ule ule: laini, wazi, usiojionyesha. Kwangu mimi, huo ndio ufundi mgumu zaidi.

Wapo wanaosema giza lile ni mama yake, aliyekufa maji mwaka 1912. Msiba ulikuwa wa kweli, lakini Magritte mwenyewe alikataa picha zake zisomwe kama mafumbo ya kufumbuliwa, nami namuunga mkono. Msomaji, kabla hujauliza nyumba ile inamaanisha nini, fuatilia kwanza mwanga: unatoka wapi, na umezuiwa kufika wapi.