Kujitoa na Kutolewa: Usawiri wa Mama katika "Stella Dallas"

Filamu ya Stella Dallas, iliyoongozwa na King Vidor mwaka 1937, ni miongoni mwa kazi mashuhuri za Hollywood zinazomsawiri mama anayejitoa mhanga. Stella, aliyeigizwa na Barbara Stanwyck, ni binti wa mfanyakazi wa kiwandani aliyeolewa na mwanamume wa tabaka la juu. Baada ya kutengana naye, anamlea binti yao, Laurel. Usiku mmoja, ndani ya treni, anawasikia wasichana wakimcheka kwa mavazi na mwenendo wake. Anajiona kuwa kizuizi, na baadaye anajifanya hamtaki mwanawe ili ahamie kwa baba na mama wa kambo. Mwishoni anaitazama arusi ya Laurel kupitia dirishani, akiwa nje mvuani, kisha anaondoka akitabasamu.

Kifani, dirisha hilo ni ishara yenye nguvu: kioo kinaonyesha na papo hapo kinazuia. Kimaudhui, hata hivyo, pana walakini. Kilichomweka Stella nje ni dharau ya kitabaka, lakini tabasamu lake linaifanya ionekane kuwa upendo. Hadhira inamlilia mama; haiwahoji walio ndani.

Walakini huo hudhihirika zaidi filamu ikitazamwa kutoka Masisi na Walikale, Kivu ya Kaskazini. Tangu mapigano yaliyozuka katika soko la Ntoto, Walikale, mwezi Machi 1993, na kuenea hadi Masisi, vita vimewatenganisha akina mama wengi na watoto wao. Mtoto anayepelekwa kwa mama mdogo mjini Goma bado yuko kwa mama: Kiswahili hakimlazimishi mmoja afutike ili mwingine aitwe mama. Kinachoumiza si malezi ya ukoo, bali nguvu iliyolazimisha safari.

Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, watu wasiopungua 387 walibakwa na wapiganaji katika vijiji 13 vya Walikale, kwa mujibu wa wachunguzi wa Umoja wa Mataifa. Kuwasifu waathirika hao kwa uvumilivu tu ni kurudia kosa la filamu. Hawakujitoa, walitolewa.

Kwa hiyo, msanii atakayemsawiri mama wa Masisi au Walikale hana budi kuonyesha, pamoja na machozi yake, mkono uliomfungia mlango.