Sukari ya Gegedu Ndani ya Kondo: Malaria ya Ujauzito Tororo na Busia

Kondroitini salfeti ni mnyororo mrefu wa sukari unaotengenezwa na seli za gegedu. Malighafi yake mojawapo ni glukosamini: seli huibadilisha hatua kwa hatua hadi kuwa galaktosamini, kisha huipanga kwa zamu na asidi ya glukuroniki na kuipachika salfeti zenye chaji hasi. Chaji hizo huvuta maji, na ni maji hayo yanayolifanya gegedu la goti libonyee mtu anapojitwika ndoo, kisha lirudi katika hali yake akiitua.

Mnyororo wa jamii hiyohiyo, wenye salfeti chache, umo pia kwenye kondo la nyuma. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, wakichunguza makondo kutoka magharibi mwa Kenya, walionyesha kuwa chembe nyekundu za damu zenye kimelea cha Plasmodium falciparum hunasa hapo. Protini inayonasa, VAR2CSA, ilielezwa mwaka 2003. Gegedu halina mishipa ya damu, hivyo chembe hizo hazilifikii. Kondo, kinyume chake, huogeshwa na damu ya mama muda wote. Mwenye mimba ya kwanza bado hana kingamwili dhidi ya protini hiyo, ndiyo maana huathirika zaidi.

Kwa hiyo jaribio lililoanza Tororo, Uganda, mwaka 2014 halikuishia kwenye damu ya kidole, na huo ulikuwa uamuzi sahihi. Wajawazito 300 waligawanywa kwa bahati nasibu wapewe dawa ya kuzuia malaria: salfadoksini-pirimethamini (SP), dihaidroatemisinini-piperakwini (DP) mara tatu, au DP kila mwezi. Mama alipojifungua, kipande cha kondo kilikatwa na kutazamwa kwa hadubini. Havikutafutwa vimelea tu, bali pia madoa ya kahawia, mabaki ya himoglobini iliyoliwa na kimelea, ambayo hubaki hata maambukizi yakiisha. Dalili hizo zilionekana kwa asilimia 50 ya waliotumia SP, 34.1 ya DP mara tatu na 27.1 ya DP ya kila mwezi. Yaani hata katika kundi lililokingwa vizuri zaidi, zaidi ya mama mmoja kati ya wanne alikuwa na alama ya malaria kwenye kondo.

Jaribio kubwa zaidi, la wajawazito 782, lilifanyika wilaya ya Busia, Uganda, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. DP ya kila mwezi ilipunguza malaria kuliko SP kwa tofauti kubwa. Hata hivyo, watoto waliozaliwa kabla ya siku zao au wakiwa na uzito mdogo hawakupungua kwa kiasi cha kuyatenganisha makundi hayo mawili. SP ina dawa ya jamii ya salfa, inayodhuru pia baadhi ya bakteria, na huenda faida yake kwa mtoto inapitia njia isiyohusiana na mnyororo wa kondo.