Pizza Imepata Mdogo Wake, na Mdogo Ni Moto!

Jamani, hii gemu! Niliishusha jioni nikiwa stendi ya Nachingwea nasubiri gari la Ruangwa, na mpaka konda anasema tumefika, mimi bado nahudumia wateja. Good Coffee, Great Coffee imenikamata mzima mzima.

Kwa wasiojua ukoo wake: TapBlaze, kampuni ya Los Angeles, ilitoa Good Pizza, Great Pizza mwaka 2014. Una kiduka chako cha pizza, mshindani wako Alicante yuko ng'ambo ya barabara, na wateja wanaingia mmoja mmoja. Utamu ulikuwa kwenye oda. Huyu anataja anachotaka, yule anakuzungusha kwa mafumbo mpaka umuulize tena. Sasa mdogo wake kaja na duka la kahawa, na utamu ule ule kauleta, kaongeza na mwingine.

Mwingine wenyewe ni kazi ya mikono. Kwenye pizza unapaka sosi, unanyunyiza jibini, unaingiza kwenye tanuri, umemaliza. Hapa unasaga buni, unaushindilia unga wake, unakamua kahawa, unapasha maziwa kwa mvuke, halafu unamimina na kuchora juu ya povu. Vaa hedifoni usikie buni zinavyosagika na maziwa yanavyofoka! Ua langu la kwanza lilipokaa sawa kwenye kikombe, nilipiga picha ya skrini nikamtumia dada yangu palepale.

Na mafumbo ya wateja yamenikumbusha vijiwe vyetu. Muuza kahawa wa huku, birika lake likiwa juu ya mkaa, anamjua mtu kwa kinywaji chake. Mzee huyu chungu tupu, yule wa tangawizi, kijana yule asipopewa kashata hanywi. Msimu wa korosho bei za mnada zinajadiliwa hapo hapo. Timu yetu ya mpira, Namungo, ikicheza nyumbani, ubishi unaanza kabla ya kikombe cha kwanza. Yeye anamimina, anasikiliza, na hakosei. Duka la chakula, hata liwe dogo kiasi gani, linasimama kwa sikio la mwenye duka. Waliotengeneza gemu hii wamelijua hilo, ndiyo maana mteja akitoka ameridhika, nawe unaridhika.

Kushusha ni bure. Ndani kuna vitu vya kununua, lakini mpaka sasa sijatoa hata shilingi na duka langu linazidi kupendeza, maana faida yote naipeleka kwenye kulipamba. Ombi langu kwao ni moja: siku moja watuwekee kashata na vikombe vidogo visivyo na mkono. Nitakuwa wa kwanza kufungua!

Asubuhi Ruangwa nilikwenda kijiweni. Muuzaji aliinua birika juu, akashusha kahawa kwa uzi mwembamba, hakuharakisha, na hata tone halikugusa sahani. Nikanywa, nikalipa, nikakaa pembeni nikafungua simu. Maziwa ambayo jana nilikuwa nayamwaga kwa pupa, safari hii niliyashusha polepole kama alivyofanya yeye. Ua likatoka kamili, majani yote. Ishusheni leo!